Mkwe Nje ya Mlango

Ndwiga alikuwa fundi wa kompyuta mjini Embu, na hakuna mashine iliyowahi kumkalia kichwani mpaka alipofika kijijini Kibirichia, kwa wakwe zake. Kompyuta hii ilikuwa chumbani kwa mama mkwe wake, Ciakuthii. Kwa kuogopa wezi, mama huyo aliifungia ndani ya kizimba cha chuma kilichochomelewa kwenye kitanda chake. Na mkwe hakanyagi chumba cha kulala cha mama mkwe, labda awe amechoka na ndoa yake.

Ibada ya mavuno ilikuwa kesho. Ciakuthii, katibu wa akina mama kanisani, alikuwa amenunua printa achapishe ratiba, na kompyuta ikaikataa katakata. Karwirwa, mke wa Ndwiga, alikuwa ameenda Kiirua na baba yake kuuza viazi, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, na heshima katikati yao. Ndwiga alitamani mno kumfaa mama huyu. Tangu harusi mama alikuwa akimuuliza Ndwiga, kwa upole unaouma, kama kazi ya kubonyezabonyeza inaweza kulisha mke.

Basi akavuta kiti sebuleni, akaupa mlango wa chumba mgongo, akaomba asomewe kilichoandikwa kwenye kioo.

"Inataka niweke CD kwa D," Ciakuthii akasoma. "Na mahali pa CD palikufa kitambo, muthoni, mkwe wangu."

Ndwiga akacheka. Mashine ilikuwa iking'ang'ania kutafuta faili za mfumo wake pale ilipozipata siku ya kwanza, kwenye CD ambayo huenda sasa ilikuwa inafukuza ndege shambani. Lakini mafundi wa zamani walizoea kuacha nakala ya faili hizo ndani ya diski ya kompyuta yenyewe. Akamwelekeza aifungue C, yaani diski hiyo, atazame majina ya folda moja baada ya jingine. Nakala ilikuwepo.

Kuionyesha njia mara moja kungetosha kwa leo, ila mashine ingeuliza tena kesho. Ndwiga akataka kuukata mzizi: wabadilishe pale mfumo unapokumbuka faili zake zilitoka wapi. Akataja herufi kwa herufi, naye mama akaandika kwa kidole kimoja na kumsomea tena, mpaka D zote zikawa C.

"Sasa bonyeza OK, Mama."

"Ngoja niombe kwanza."

Ndwiga naye akafumba macho, maana kosa dogo hapo lingeiua mashine, na jina lake pamoja nayo. Ikazimwa, ikawaka. Baada ya muda printa ikaanza kukoroma, na karatasi ikatoka.

Jirani yao Makandi alipokuja kuchukua ratiba, akauliza fundi alikuwa nani.

"Ni mimi," Ciakuthii akasema bila haya. Ndwiga akainama, akitabasamu, tayari kuipoteza sifa yote.

"Na nani alikufundisha?"

"Nani mwingine kama si huyu kijana wangu?" akasema Ciakuthii, akimmiminia Ndwiga chai.

Ndwiga akakipokea kikombe kwa mikono miwili.