Pole ya Asiyeshika Usukani

Mpaka leo mtu akisema "pole na safari" mbele yangu, huangalia kwanza anaambiwa nani.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye miguu alikuwa anavuka mpaka kutafuta kitu cha kuleta nyumbani. Mimi nilikuwa natoa mafuta ya alizeti kwetu Ikungi na kuyauza Tunduma, na udereva nilijifunzia kwenye malori yaliyobeba madumu yangu. Siku moja nikamwambia baba kwamba ng'ambo, Zambia, kuna mwalimu mzee wa Kizungu anarudi kwao na anauza gari lake, kobe. Hivyo ndivyo tulivyoyaita yale magari madogo ya zamani yenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Baba alikuwa akilitamani kobe tangu ujana wake, alipokuwa akiosha la daktari wa misheni. Kuosha aliruhusiwa, kukaa ndani hapana.

Badala ya kufurahi, akacheka.

"Gari haliletwi na mwanamke," alisema. "Tafuta dereva."

Sikutafuta. Nilitaka baba anione mimi, kwa macho yake, nikiingia nalo uani. Sikutaka kingine.

Nikavuka mpaka, nikalinunua. Lilikuwa na rangi ya maziwa, umri limenizidi, na usukani wake ulikuwa kushoto, kama magari ya kwao mwalimu yule. Nikaliendesha peke yangu Mbeya, Iringa, Dodoma, siku tatu, vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye kila kizuizi cha barabarani askari alikwenda dirisha la kulia, akakuta kiti kitupu, akaniuliza, "Dereva yuko wapi, mama?" Dereva si huyu unayeongea naye! Au ulidhani limejileta lenyewe?

Kintinku nikamkuta mdogo wangu wa kiume, aliyekwenda kununua mbuzi akawakosa. Nikamwambia panda. Akakaa kulia, kwenye kiti kilichobaki, akalala. Tulipokuwa tunapanda mlima kuelekea Manyoni, mkanda wa feni ukakatika. Nikainama nyuma ya gari na spana, nikafunga mwingine, mikono ikawa myeusi kama kitako cha sufuria. Yeye alisimama kivulini akinielekeza. Mtu ambaye hata baiskeli ilimshinda! "Dada, kaza hapo." Kaza hapo!

Tulipokaribia nyumbani akaamka, akafuta uso, akatoa kiwiko dirishani. Nilidhani anapunga upepo. Watu wakatoka mbio, baba mbele yao, na wote wakakimbilia upande wa kulia, ambako tangu wazaliwe ndiko walikomwona dereva.

"Pole na safari, mwanangu!" Baba alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umeliweza!"

Na mdogo wangu, bila hata kukohoa, akajibu, "Nimeshapoa, baba."

Nimeshapoa! Siku zangu tatu kazimeza kwa neno moja.

Nikashuka, nikazunguka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nenda kamchemshie mdogo wako maji ya kuoga. Usukani umemchosha."

Nikachemsha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nililelewa kutomsahihisha baba mbele za watu, na malezi hayo yalinishinda nguvu. Nilikoka moto kwa mikono ileile yenye grisi, huku shangazi akiniuliza nimechafukaje hivyo, kwani nilikuwa nasukuma?

Asubuhi mbuzi wa jirani wakaanza kuparamia boneti. Majirani walikuwa wameshajaa uani kutazama gari. Baba akamwambia mdogo wangu alisogeze. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Nikaufungua, nikampa.

Akatembea kifua mbele hadi mlango wa kulia. Akaingia, akafunga mlango, akanyoosha mikono kushika usukani. Usukani haupo. Akabaki amenyoosha mikono vilevile, kama anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba hakucheka. Alizunguka taratibu hadi upande wa kushoto, akauangalia usukani, kisha akaja akanishika mkono na kuzitazama kucha zangu. Zilikuwa nyeusi bado.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi. Tangu Zambia."

Akavua kofia yake.

"Pole na safari, mwanangu."

Wote wakaningoja nitoe lile jibu ambalo hata mtoto mdogo analijua.

"Sijapoa, baba," nikasema. Nikaenda kufungua mlango wa kushoto, nikakaa kwenye usukani wangu. "Mwambie huyo anirudishie ufunguo, ashuke. Hicho alichokalia ni kiti chako."