Gurudumu Haligeuzwi Nyuma

Mdogo wangu wa kike aliitwa Mama Mhuri kabla hajazaa, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yetu. Alikuwa mkuu wa masjala wizarani, chumba kirefu chenye makabati ya chuma yaliyochubuka na kaunta yenye doa la wino lililogoma kufutika. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua mtandio, alisogeza gurudumu la mhuri wa tarehe kwa kidole gumba. Mzee aliyemfundisha kazi, mkali kama pilipili, alimwachia amri moja: gurudumu haligeuzwi nyuma. Ukipitiliza siku, subiri siku ikufikie. Mdogo wangu aliwahi kupitiliza. Barua zikalala kaunta mpaka kesho yake, akatukanwa na wizara nzima, naye hakuligeuza.

Zamani barua ilikuwa na njia yake. Ikishagongwa na kupewa jalada, hata waziri hawezi kusema haikufika. Siku hizi mambo ya nchi yanaruka hewani, wala hayaachi unyoya.

Sheria ilitaka kila barua ya kazi, hata barua pepe, iwekwe masjala siku inapofika. Mkurugenzi wa wizara hiyo, msomi wa viatu vinavyolia, kwa miaka mitatu aliendesha kazi za serikali kwa barua pepe yake binafsi, ile ile anayowaandikia mashemeji mambo ya harusi. Magazeti yakamfichua, bunge likaunda kamati. Mji mzima ukabishana. Kinyozi wangu nusura anikate sikio akimtetea.

Kamati ilipokaribia kuja, Mkurugenzi akashuka masjala amekumbatia rundo la barua pepe zake zilizochapwa, karatasi bado zina joto la mashine.

"Shikamoo, dada yangu."

"Marahaba. Leo umepajua huku chini?"

"Nigongee hizi, kila moja kwa tarehe iliyoandikwa juu. Ionekane nilizileta wakati ule ule."

"Zimefika lini?"

"Mama, usinipe mtihani. Zungusha tu hilo gurudumu."

"Halirudi nyuma."

"Limeharibika?"

"Limefundwa."

Karani mwenzake akakohoa kuficha kicheko. Mkurugenzi akainamia kaunta. "Kuna ghala la samani chakavu nje ya mji, halina msimamizi. Chagua: kiti hiki au ghala."

Kiti hicho mdogo wangu alikitolea jasho ujana wake wote, na alitaka kustaafia hapo. Akanyoosha mkono. "Lete. Barua ikifika masjala haifukuzwi."

Mkurugenzi akatabasamu, akageukia simu yake. Mhuri ukalia, ta, ta, ta, mpaka karatasi ya mwisho. Alipotazama, zote zilikuwa na tarehe ya leo.

"Umefanya nini?"

"Nimepokea, baba. Zimefika leo. Sasa ni mali ya jalada, hazitoki."

Kamati ikakuta miaka mitatu ya kazi ya serikali imefika siku moja. Mkurugenzi akafukuzwa. Lakini uhamisho wa mdogo wangu alikuwa ameshausaini, na hakuna aliyejisumbua kuufuta. Ndiyo shukrani ya siku hizi.

Nilikwenda ghalani nikidhani nitamkuta amenyauka. Nikamkuta kati ya viti vilivyovunjika miguu, anawafokea wapakuzi. Masjala ilikuwa imeletewa kompyuta, na takataka zake zimetupwa huko, mhuri ukiwa ndani yake. Ulikuwa umesimama kwenye siku aliyoondoka.

Akaupangusa kwa mtandio, akausogeza mbele hadi leo, akaipindua meza mbovu na kuigonga chini ya ubao.

"Unacheka nini, kaka? Na huku vitu vinafika."