Madoa ya Mama Yake Gidabuday

Letisia, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, na uchafu walikuwa hawaivi chungu kimoja. Katika studio yake ya Katesh aliskani picha za zamani, kisha kwenye kompyuta akafuta vumbi na ukungu bila huruma.

Mzee Gidabuday wa Getanuwas alipoifuata picha ya marehemu mama yake, Letisia alimwamkia, "Shikamoo," akamgeuzia kioo cha kompyuta kwa majivuno.

Mzee akanuna. "Huyu ni nani?"

"Mama yako, mzee. Nimemfuta madoa yote ya kuzunguka macho."

"Madoa! Hizo ni chale zetu. Alichanjwa akiwa msichana, wala hakulia."

Letisia akazirudisha nukta zile, duara kwa duara. Ile ya mwisho iliporudi, mzee akavua kofia, akakiinamia kioo.

"Shikamoo, mama."