Hapana za Fintan

Binamu yangu Fintan Garrihy hukata nywele mara mbili kwa mwaka: kabla ya Krismasi, na wiki ya mwisho ya Machi. Za Krismasi ni kwa ajili ya kanisa. Za Machi, huu mwaka wa tano, ni kwa ajili ya Remedios, ingawa ukimwuliza atakwambia zilikuwa zinamwingia machoni.

Kazi yake ni kutembeza wageni. Ana basi dogo la watu kumi na wanne, na Aprili na Mei huwazungusha Clare yote, jimbo letu la magharibi mwa Ireland: kwenye uwanda wa mawe wa Burren unaoota maua ya buluu nyufani, kwenye malisho yaliyojaa wanakondoo, hadi kwenye majabali ya baharini, ambayo siku tatu kati ya nne hayaonekani kwa ukungu. Hapo Fintan husimama mbele ya ule weupe mtupu na kuwaambia, uso mkavu, "Mngeona jana!" Jana nako kulikuwa vivyo hivyo. Wageni hucheka, hufunga makoti yao, na mwaka unaofuata hurudi na dada zao. Mvua yetu ya majira haya haina fujo. Hunyunya, hupumzika, jua huchungulia robo saa, kisha hunyunya tena, na kila inapoacha, kuta na ng'ombe na miti ya miiba iliyochanua hung'aa kama vyombo vilivyotoka kuoshwa.

Alasiri huwaleta kwangu, maana mimi Attracta ndiye mwenye nyumba ya wageni, na soksi zao zote hukaukia juu ya jiko langu. Huwa hivi kila siku:

"Chai, Fintan?"

"Aa, hapana, nina haraka."

"Kikombe kimoja tu."

"Usijisumbue, dada."

"Kaa chini, wewe!"

Basi anakaa, anakunywa vikombe vitatu na kumaliza nusu ya mkate wangu kwa siagi. Ndivyo tulivyolelewa. Mama zetu wangetuzaba vibao kama tungekubali kitu kwa kuulizwa mara moja.

Remedios ni mjane, mwalimu mstaafu kutoka Almería, kusini mwa Hispania. "Kwetu mvua tunaisoma gazetini," aliniambia siku ya kwanza. Mwaka ule alikaa siku nne, mwaka uliofuata wiki nzima. Huketi kiti cha mbele, dirisha wazi, mkono nje uloane. Mwaka jana tulipigwa na jua siku tatu mfululizo, akanuna. "Attracta, nimetoka kote huko kuja kutazama jua?" Fintan akamwomba radhi kana kwamba ndiye aliyelileta.

Parokia nzima ilijua nywele zile hukatwa kwa ajili ya nani, isipokuwa pengine Remedios mwenyewe. Tangu mama yake afariki, Fintan hula supu ya kopo kwa kusimama, na mimi nimechoka kumwona hivyo. Mwaka huu nilimwambia waziwazi: mwombe abaki. Akajibu kwamba anatafuta nafasi. Aliitafuta siku kumi na moja.

Alhamisi akaingia jikoni saa isiyo yake, amelowa chepechepe, kofia mkononi.

"Ameniuliza," akasema.

"Nani? Nini?"

"Remedios. Tulikuwa tumesimama, tunangoja ng'ombe wavuke barabara. Akasema hana haraka ya kurudi kwao. Angeweza kubaki hadi mwisho wa Juni, anisaidie na wageni, kama ningependa."

Nikaweka mwiko chini. "Nawe ukasemaje?"

"Nikasema, aa hapana, usijisumbue."

"Akakuuliza tena?"

"Akasema sawa. Ng'ombe wakavuka." Akaizungusha kofia. "Nimengoja njia nzima, Attracta. Hakuuliza tena."

Niliuokota mwiko, na nusura nimchape nao. "Pumbavu mkubwa wewe! Yule ni mtu wa Almería! Kwao mtu akikataa amekataa!"

"Si amekaa jikoni humu miaka mitano, anatuona?"

"Anaona jibaba linalokula mkate wangu, basi! Nenda kamwambie unamtaka abaki."

"Nitaanzia wapi? Nimeshamkatalia mwanamke wa watu."

Ijumaa akamtembeza, hakusema kitu. Jumamosi akamtembeza, hakusema kitu. Nikawa namwonea huruma na kumkasirikia kwa zamu, na chakula changu kikaungua siku zote mbili.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Remedios kwenda kupanda ndege Shannon. Saa mbili asubuhi Fintan akaja kumchukua, kavaa tai, basi linanguruma nje kwenye manyunyu. Remedios akashuka ngazi na sanduku lake. Hakuna anayeondoka kwangu bila chai, iwe siku ya mazishi au ya harusi, kwa hiyo nikainua birika.

"Chai, Fintan?"

"Ndiyo," akasema.

Niliimwaga chai yote kwenye kisahani. Maisha yangu yote sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kwake kwanza. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, na wala hakunitazama mimi.

"Ndiyo," akarudia. "Lile uliloniuliza pale kwenye ng'ombe. Ningependa. Ningependa mno. Baki, Remedios."

Remedios akamtazama, kisha akautazama mkate, kisha akanitazama mimi. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Aa, hapana," akasema. "Sitaki kukusumbua."

Uso wa Fintan ukamshuka. Hata hivyo ni mtu wa adabu, akaliinua sanduku na kwenda nalo mlangoni. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

"Fintan!"

Ni Remedios aliyeita. Alikuwa ameshaketi mezani, amevuta siagi karibu yake.

"Unakwenda wapi? Alhamisi sikuelewa, sasa nimeelewa. Hapana hiyo ni ya kwanza tu. Uliza tena."

Akaliweka sanduku chini, akauliza tena. Remedios akakataa tena, huku akijikatia mkate. Jibu la mara ya tatu sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nje mvuani, nazima injini ya basi.