Kwa Miguu hadi kwa Babu

Hapa Houston barafu huja mara chache, na ikija mji mzima hushikwa na bumbuwazi. Leo asubuhi simu imelia kabla sijaamka vizuri. Mkubwa wangu wa kazi ametuma ujumbe kwamba barabara za juu zimefungwa. Anayeweza kuendesha gari aje, asiyeweza abaki nyumbani. Nikafungua pazia. Magari yote yalikuwa yamevikwa kitu kama kioo, na nje hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikajibu kwamba nitabaki, nikabandika maji ya chai, na kabla hayajachemka, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi Garland, mji wa kaskazini mwa Texas nilikokulia, mtoto wa darasa la nne, nimesimama kando ya mama yangu kwenye dirisha lingine kabisa.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alibaki Kenya. Mwanzoni sauti yake ilikuja kwenye simu kila Jumapili, halafu sikukuu kwa sikukuu, halafu ikaacha kuja. Tulipanga chumba ghorofa ya juu, karibu na reli ya treni za mizigo, na nikitoka shule nilikuwa nikijifungia ndani, nawasha televisheni si kwa kuitazama bali ili nyumba iwe na mtu anayeongea. Kutoka chini ilipanda harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo aliyefanya kazi ghalani, alikuwa akiipika kila siku yake ya mapumziko, na mara nyingi bakuli moja lilipanda ngazi hadi kwetu.

Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao. Mchana alishinda kwa mzee mmoja wa Kimarekani aliyefiwa na mkewe, na shule zikifungwa alinichukua twende wote. Aliniambia nimwite Babu. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo, yule mzee aliuliza maana yake. Mama akamweleza. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema basi na liwe hilo. Nyumba yake ilinukia sabuni na kahawa iliyopoa, na pembeni ya kiti chake palikuwa na mashine ya umeme iliyonguruma mchana kutwa, ikimpelekea hewa puani kwa mrija mwembamba. Mimi nilifanya hesabu zangu nikisikiliza mngurumo ule, na sijui kwa nini ulinituliza moyo.

Basi majira yale ya baridi mvua ilinyesha ikiwa inaganda. Tuliamka umeme umepotea. Mama, aliyekulia Kinangop, nyanda za baridi za Kenya ambako sakitu, ule umande ulioganda, huchoma viazi shambani, alitazama nje akasema hii si baridi anayoijua yeye. Akampigia Babu simu. Haikupokelewa. Akapiga simu ya dharura, akaambiwa magari ya wagonjwa yamemalizwa na ajali barabarani, asubiri zamu.

"Kama na kule umeme umepotea, ile mashine imezima," aliniambia. "Mitungi ya hewa ya akiba iko, lakini mikono yake inatetemeka. Hawezi kufungua ile koki mwenyewe."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa tabia yangu siku hizo, kwamba redio imesema watu wasitoke. Alinisikia. Alisimama na ufunguo wa gari mkononi, akiugeuzageuza, na nikamwona anavyonitazama mimi, kisha anatazama barabara, kisha mimi tena. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu hajui la kufanya.

Mwishowe tulishuka. Aliwasha gari, akarudi nyuma taratibu kabisa, na gari likageuka lenyewe, bila haraka, kama mtu anayejigeuza kitandani, likaenda kuegemea pipa kubwa la taka. Mama akazima injini.

"Gari haina kucha," akasema. "Tutaenda kwa miguu."

Jirani wa Kikongo alikuwa amesimama mlangoni pake, amejifunga vitenge viwili juu ya koti.

"Mama, usiende!" alimwita. "Niko naona watu wanaanguka hapa hapa mbele ya mulango. Mimi leo kazi nimeacha. Wanifukuze kama wanataka."

"Kuna mzee peke yake, dada."

Jirani hakubishana. Alisema basi mtoto abaki kwake, nami nikamshika mama mkono nikakataa kuuachilia. Akaingia ndani, akarudi na soksi nene za mumewe. "Vaeni juu ya viatu. Soksi inashika barafu." Akapiga magoti, akanivalisha yeye mwenyewe.

Kwa gari tulikuwa tukifika kwa Babu kabla nyimbo mbili za redio hazijaisha. Siku ile safari ilimeza asubuhi yote. Tulipita kwenye nyasi, kwa sababu zilivunjika chini ya miguu kama biskuti na hazikuteleza sana. Tulishikilia nyua za watu. Hakukuwa na gari, hakukuwa na ndege, hakukuwa na mbwa wa kubweka. Kila baada ya muda tawi lilikatika mahali fulani kwa mlio kama wa bunduki, halafu kimya kikarudi. Katika mtaa wa mwisho mama alianguka vibaya. Alikaa pale chini, mkono umeshika kiuno, pumzi yake ikitoka nyeupe, na nikatazama huku na huku nikaona madirisha mengi na hakuna hata uso mmoja. Hapo ndipo nilipojua, kwa akili yangu ya kitoto, maana ya kuwa mbali na kwenu.

"Nipe mkono," mama akasema. Nikamvuta kwa nguvu zangu zote, akasimama.

Alikuwa na ufunguo wa mlango. Tulimkuta Babu kitini, amevaa koti na kofia, mrija uko puani lakini mashine imenyamaza. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo sitaki kuieleza. Mama alikwenda moja kwa moja kabatini. Akavuta mtungi, akafungua koki, akaunganisha mrija, akamshika kidevu. Nilisikia hewa ikivuma polepole. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu kwa Kiswahili, lugha niliyokuwa nikiikimbia nyumbani.

Baada ya muda Babu alifumbua macho. Aliuliza tumekujaje.

"Kwa miguu," mama alimwambia.

Akatutazama miguuni, zile soksi kubwa zilizoganda juu ya viatu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alilia bila sauti, na mama akamfunika blanketi hadi shingoni.

Hatukurudi nyumbani hadi barafu ilipoyeyuka. Jiko la Babu lilikuwa la gesi, likawashwa kwa kiberiti. Mama alifunga mlango wa jikoni, asimruhusu Babu na mtungi wake kukaribia moto, akatuletea sebuleni chai ya maziwa yenye tangawizi na ugali wa unga wa mahindi alioukuta kabatini. Babu aliula kwa kijiko, na siagi, akaomba tena. Tulikaa watatu chini ya rundo la mablanketi, naye akinionyesha kupitia dirishani mti ambao mkewe aliupanda. Umeme ulirudi mtungi wa mwisho ukikaribia kuisha, mashine ikanguruma, na mama akaketi sakafuni.

Majira ya joto yalipofika, mwanawe Babu alikuja kutoka jimbo jingine akamchukua. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu mama. Alikwenda kazini asubuhi akakuta mlango umefungwa na kibao cha kuuza nyumba kimesimama kwenye nyasi. Baadaye tulisikia kwamba Babu alifariki huko alikopelekwa. Jirani naye alihama na mumewe, na namba yake ikaacha kuita. Mama alirudi Kinangop uzeeni, na huko ndiko tulikomzika.

Kuna jambo moja limenisumbua leo tangu asubuhi. Namkumbuka mama sebuleni mle akicheka hadi machozi, amejishika mbavu, kwa kitu alichosema Babu. Sikuwahi kumsikia akicheka vile tena. Nimekaa hapa na chai yangu nikijaribu kukumbuka Babu alisema nini, na sikumbuki. Mikono ikachukua simu yenyewe, kidole kikaanza kutafuta jina la mama, ndipo nikakumbuka kwamba kati ya watu wote waliokuwa chini ya yale mablanketi, wa kuulizwa nimebaki mimi.