Nani Yumo Ndani ya Sanduku

Shangazi yangu ni msusi, na pia ni mwandishi. Ukimuuliza mwenyewe, atakuambia ni mwandishi anayesuka. Ukimuuliza baba, ambaye ni kaka yake, atakuambia ni mdomo wenye mikono miwili.

Vitabu vyake ni vyembamba, kurasa sitini, vinachapwa kwenye steshenari iliyo nyuma ya saluni na kubanwa kwa pini mbili. Vyote vinamhusu Mama Funguo, fundi wa kufuli ambaye kila akiitwa kufungua mlango anakuta balaa. Cha kwanza kilisomwa mpaka majalada yakachanika. Cha pili kiligombaniwa. Cha tatu kiliisha hivi: Mama Funguo yuko kwenye chumba cha mpangaji aliyetoweka, anainua kifuniko cha sanduku, anasema, "Kumbe ni wewe!" Basi. Ukigeuza ukurasa unakutana na jalada.

Mtaa mzima ulipagawa. Mimi hata somo la kemia lilinipita. Kwa hiyo tulijua cha nne hakitamaliza siku mbili.

Wiki mbili baada ya cha nne kutoka, nakala zilikuwa bado zimerundikana chini ya kioo. Zilikuwa zimetoka tatu tu, moja kwa baba, na baba hasomi. Shangazi akaanza kusema kwamba cha tano hakitakuwepo, abaki na nywele zake. Alisema huku anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Jumamosi nikaenda kuosha vitana, ndipo nikamgundua mwizi wa wasomaji. Mteja aliketi tu akasema, "Dada, nani yumo kwenye sanduku?"

Shangazi akagawa nywele, akaanza mstari wa kwanza. "Mwenzangu, usimwambie mtu."

Kufika mstari wa kumi, mtu ameshatolewa sandukuni, mhalifu ameshakamatwa. Mteja akajitazama kiooni, akashukuru, akaondoka mwepesi, kichwa kimesukwa na kitabu kimeisha.

"Shangazi," nikamwambia, "watanunua cha nini na wewe umeshawamwagia chote?"

Akashika kiuno. "Lakini si wananiuliza?"

"Usiwajibu."

"Mwanangu, mikono ikifanya kazi mdomo unafuata wenyewe. Ndivyo nilivyoumbwa."

Kwa mteja wa pili alijikaza dakika nne. Nilihesabu. Kwa wa tatu nikampa Shangazi vibanio saba vya nywele avishike kwa midomo.

Huyo wa tatu alikuwa muuguzi wa zahanati, tunamwita Nesi Sindano kwa sababu akikuamulia hukwepi.

"Haya, shoga, nipe habari. Nani yumo?"

"Mmm."

"Leo umeninunia? Ni mwanamke?"

"Mm-mm."

"Kwa hiyo mwanamume!"

Shangazi akanitolea macho kama mtu anayezama. Nikakohoa.

"Ni yule mpangaji mwenyewe, eti?"

Vibanio vikaanza kutetemeka. Kimoja kikadondoka. Nikanyakua nakala moja, nikaiweka mapajani kwa Nesi.

"Hii nini?"

"Jibu."

Akasonya, akafungua. Akaanza kusoma. Kumbe Shangazi hakuwahi kumwona mtu akimsoma! Akawa anachungulia juu ya kichwa cha watu ajue Nesi amefika wapi, mpaka mstari wa saba ukaenda kombo ikabidi aufumue. Nesi hakugundua. Mahali fulani akapiga kelele, "Mungu wangu, wewe!" na Shangazi akaruka na kitana chake.

Kichwa kikaisha. Nesi hakuinuka.

"Nimebakiza kurasa nane. Msinisemeshe."

"Kwani nani yumo?" akauliza mteja aliyekuwa akisubiri zamu.

"Asituambie!" mwenzake akadakia, tayari mkono uko kwenye rundo.

Tukamsubiri. Hatimaye Nesi akafunga kitabu, akageuka na kiti chake.

"Yaani unamwacha Mama Funguo juu ya paa na ngazi wameichukua? Anashukaje?"

Shangazi akatema vibanio kiganjani. Mimi nikafumba macho.

"Haki ya Mungu, hata mimi sijui."

"Hujui? Si wewe uliyempandisha?"

"Kumpandisha nilimpandisha. Kumshusha ndiyo bado."

"Basi fanya haraka, mvua itamkuta huko!"

Wale wawili walikuwa wameshaanza kusoma, hakuna aliyekumbuka zamu ni ya nani. Shangazi alivuta droo ya vitana, akawa anapekua humo akitafuta kalamu.