Mpira wa Maji Moto

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mama na mimi tulikuwa tukichuma maua ya pareto huko Molo, kwenye shamba ambalo Mzungu aliliacha na chama chetu cha ushirika kikalinunua. Kila mwezi, kabla hujaziona pesa zako, ulikatwa shilingi mbili za mfuko wa ugonjwa. Zilizobaki mfukoni Desemba zilinunua mbuzi wa karamu ya wanachama. Miaka minne tulikula mbuzi, na mimi nilikuwa wa kwanza kusifu supu.

Mwaka wa tano mgongo wa mama ulikataa. Alishindwa kuinama, kisha akashindwa kukaa, mwishowe mguu wa kushoto ukafa ganzi. Baridi ya Julai ilipoingia alikuwa akilia kila akigeuzwa kitandani, mama ambaye hakulia hata siku tulipomzika baba. Nilimpeleka Nakuru. Daktari alisema hakuna tembe itakayomsaidia zaidi ya zile alizokwisha kumeza, akaandika barua: joto, asubuhi na jioni, kwa mpira wa maji moto, ule unaojazwa maji na kuwekwa penye maumivu. Niliuona kwenye duka la dawa la Mhindi, mwekundu, una kifuniko cha kuzungusha. Mwenye duka aliniruhusu niushike. Bei yake ilishinda pesa zangu za wiki mbili za kuchuma, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha.

Nilikwenda kwa mweka hazina wa mfuko na barua mkononi. Alikuwa mzee mpole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinisomea orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la pesa: dawa ya kumeza, dawa ya kupaka, sindano, kitanda cha hospitali, jeraha. Mpira haukuwamo.

"Msichana wangu, joto si dawa," akaniambia. "Hata chai iko na joto. Tukilipa hii, kesho kila mtu ataleta blanketi."

Nilimwambia ni daktari aliyeandika. Akasema daktari si mwanachama. Nilirudi mara tatu, na mara ya tatu nilipiga magoti mbele ya watu waliopanga foleni kwenye mizani ya pareto. Akaniinua, akaniambia ningoje mkutano wa Desemba.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wetu alisomewa orodha. Nilichukua jiwe la mto, ukubwa wa mkate, nikalipasha kwenye makaa, nikalifunga kwa gunia na leso, nikamwekea mama kiunoni. Alipumua vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Hapo hapo," akasema, na mimi nikafurahi kama mjinga. Kila siku nililipasha zaidi. Siku ya tano aliniomba niliteremshe hadi kwenye paja lile la ganzi, labda lingeamka. Nikaliteremsha, nikaendelea kumenya viazi. Hakuhisi kitu. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi yake.

Kesho yake nilikwenda tena kwa mweka hazina na karatasi ya zahanati: kuungua, sindano, dawa ya kupaka, bandeji. Aliisoma, akafungua sanduku kabla sijaketi.

"Hii sasa ni ugonjwa," akasema, akanihesabia pesa za kutosha kununua mipira miwili.

Nilitia sahihi. Nilikuwa nimemchoma mama yangu, na hakuna aliyeniuliza swali hata moja.